Mikono Iliyojaa: Miaka Yangu Mbele ya Picha ya Medea

Nilimwona Medea kwa mara ya kwanza nikitoka sokoni na kapu la mihogo. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo jumba la makumbusho ya sanaa la mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, huingiwa bila kiingilio, na mimi na wanangu wawili tulikuwa tumetoka soko la Wazemmes chini ya ile mvua nyembamba ya kule, ambayo hainyeshi ikaisha wala haizidi mtu akapata sababu ya kujibanza mahali. Nikiri kwamba sikuingia kwa ajili ya sanaa. Niliingia kwa sababu ndani kulikuwa na joto, kwa sababu mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amelowa viatu, na kwa sababu nyumbani kulikuwa na ukimya ambao sikuwa na haraka ya kuurudia. Mlinzi aliutazama mzigo wangu, akanielekeza chumba cha kuhifadhia mizigo, na mihogo yangu ikapewa kibandiko chenye namba kama koti la mtu yeyote.

Watoto walitangulia mbio nami nikawafuata nikiwakemea kwa mnong'ono, mpaka binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, aliposimama ghafla mbele ya picha kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Baadaye nilikuja kujua vipimo vyake: kimo mita 2.60, upana mita 1.65. Siku ile nilichoona ni kwamba watu waliochorwa ndani yake walikuwa wakubwa kama sisi, na kwamba walikuwa watatu kama sisi, mama na watoto wawili.

Mwanamke yuko pangoni. Kichwani ana taji, nywele zake ni nyeusi, na kifua chake kiko wazi, jambo lililonifanya nitake kuwapitisha watoto haraka, kwa maana mtu aliyelelewa Tanga hazoei kusimama na wanawe mbele ya maziwa ya mtu. Amewabana watoto wawili wa kiume, walio uchi, kwa mikono yote miwili, na mbano wenyewe si wa kubembeleza, kwani viungo vya watoto vimejikunja pale alipowashika, nao wanahangaika kama kuku aliyeshikwa mbawa. Yeye hawaangalii. Amegeuza uso, anatazama nyuma ya bega lake, nje kabisa ya picha, kama mtu aliyesikia nyayo. Katika mkono mmoja, huo huo unaomshika mtoto, ana jambia.

"Mama, wanamkimbia nani?" binti yangu akauliza.

"Watu wabaya," nikamjibu bila kusita. "Mama yao anawaficha."

"Na kisu?"

"Cha kuwalindia."

Akaridhika. Mimi niliridhika zaidi yake, nikasimama pale muda ambao sijawahi kukipa kitu chochote kilichotundikwa ukutani. Mume wangu alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla, mwaka 2014, akahamia kwa mwanamke mwingine katika mji wa jirani, nami nilikuwa nimebaki na nyumba ya kupanga, karatasi za ukaazi zilizotegemea jina lake, na watoto wawili ambao kila mmoja alitaka kushikwa mkono wa kulia. Niliiona picha ile nikasema moyoni: huyu mtu ananijua.

Kwa miezi mingi baada ya hapo niliizuru kama mtu anavyomzuru jirani. Jina la mchoraji nililisoma kwenye kibao kilichokuwa ukutani, Eugène Delacroix, na mwaka pia, 1838, na jina la picha: *Médée furieuse*. Neno la pili nililielewa, au nilidhani nimelielewa. Lina maana ya mwanamke aliyeshikwa na ghadhabu. Nikaona ni haki yake. Nani asingeghadhabika akifukuzwa mpaka pangoni na watoto mikononi? Kuhusu neno la kwanza, nilidhani ni jina la mwanamke tu, kama Mariamu au Zaina.

Wakati huo nilikuwa nahudhuria darasa la jioni la Kifaransa, la wageni, katika chumba kilichokuwa na harufu ya chaki na makoti mabichi. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari. Kule nilikuwa mwanafunzi anayeogopa kunyoosha kidole, na kila aliyewahi kuuvuka mstari huo anajua unavyouma. Siku moja tulitakiwa kila mmoja aeleze kwa dakika tano kitu chochote cha mjini anachokipenda. Wengine walieleza uwanja wa mpira, wengine mkate. Mimi nilinunua kadi ya posta yenye picha ya Medea, nikaandaa hotuba yangu kwa siku tatu, nikasimama na kueleza habari za mama shujaa anayewakimbiza wanawe kutoka kwa maadui, anayelala mapangoni, aliye tayari kuchinja mtu yeyote atakayewagusa. Nilisema vizuri. Hata sarufi ilinitii.

Nilipomaliza, mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko: "Bibi, huyo mama hawafichi. Anakwenda kuwaua."

Sikumbuki nilivyorudi kwenye kiti changu. Nakumbuka kwamba kadi ile niliiweka ndani ya kitabu, uso ukielekea chini, na kwamba njiani nilikuwa na hasira na kila mtu: na mchoraji, na mwalimu, na kibao cha ukutani, na mimi mwenyewe niliyekuwa nimemwambia binti yangu uongo huku nikiamini ni kweli. Sikurudi tena kwenye lile jumba mpaka mwaka ukageuka.

Hadithi yenyewe niliitafuta kwa kinyongo, kama mtu anayepekua simu ya mwenzake. Medea ni binti wa mfalme wa Kolkisi, nchi ambayo Wagiriki wa kale waliihesabu kuwa ya mbali, kwenye pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, katika eneo ambalo leo ni Georgia. Babu yake ni Jua lenyewe, naye ni mjuzi wa dawa na uchawi. Jasoni anafika kwa merikebu kutafuta ngozi ya dhahabu ya kondoo, Medea anampenda, anamsaidia kuipata kinyume cha baba yake, anamuua kaka yake mwenyewe, kisha anapanda merikebu na kuondoka na mgeni. Wanazaa watoto wawili. Wanafika Korintho, na huko Jasoni anaamua kumwoa binti wa mfalme wa mji. Medea anaamriwa aondoke nchini, yeye na wanawe. Anamwomba mfalme siku moja tu, anapewa, na katika siku hiyo moja anampelekea bibi harusi vazi lenye sumu, linalomuua yeye na baba yake aliyemkumbatia kumwokoa, kisha anawaua wanawe wawili kwa mkono wake na kupaa katika gari la babu yake linalovutwa na majoka.

Mshairi wa Athene aitwaye Euripides aliifanya hadithi hii kuwa tanzia na kuionyesha jukwaani mwaka 431 kabla ya Kristo, katika mashindano ya sikukuu ya Dioniso, mungu wao wa divai, akashika nafasi ya tatu kati ya watatu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu jikoni. Nakala niliyoiazima maktaba ilikuwa ya Kifaransa, nami niliisoma na kamusi pembeni, kurasa mbili au tatu kila usiku watoto wakishalala, na kwa sababu nilikwenda polepole hivyo kila neno lilipata nafasi ya kukaa.

Kuna hotuba moja mapema katika mchezo huo, ambapo Medea anatoka nje na kuzungumza na wanawake wa Korintho. Analalamika kwamba mwanamke analazimika kumnunua mume kwa mali nyingi, na kwamba anachokipata kwa fedha hiyo ni bwana wa kumtawala mwili wake. Hapo nilisimama kwa muda, kwa maana kwa Wagiriki mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume, kinyume cha mahari yetu, na bado malalamiko ni yale yale niliyoyasikia utotoni kwa shangazi zangu wakichambua mchele. Anasema afadhali asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Kisha anawaambia wanawake wale kwamba yeye na wao hawako sawa: wao wana mji wao na nyumba za baba zao, lakini yeye hana mama, hana kaka, hana ndugu wa kuhamishia nanga yake katika dhoruba hii.

Niliyasoma maneno ya nanga kama mtu wa bandarini. Chombo kikishikwa na upepo mbaya lazima kuwe na ghuba ya kukimbilia. Nahodha hodari bila ghuba anahesabu tu saa. Lakini kilichonikaba ni neno kaka. Medea anasema hana kaka, na mtazamaji wa Athene alijua vizuri kwa nini hana: alimuua mwenyewe ili aondoke na Jasoni. Hao anaowataja hakuwapoteza wote kwa namna moja. Wengine alinyang'anywa, na mmoja alimtoa mwenyewe.

Mimi sikumuua kaka yangu. Nilimlazimisha auze kiwanja. Mwaka 2010, ili nipate nauli, viza na fedha ya kuonyesha kwenye akaunti, nilisimama mbele ya ukoo mzima nikadai fungu langu la kiwanja alichotuachia baba, na kwa kuwa kiwanja hakigawanyiki kama mkate, kikauzwa chote, pamoja na msingi wa nyumba aliokuwa ameanza kuujenga kaka yangu upande wake. Hakunipigia kelele. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akanipakilia sanduku, na baada ya hapo hakunipigia simu tena. Mama alipokuwa akiniambia, "Mwanangu, rudi tu, kwenu ni kwenu," sikuwa na jibu, kwa sababu nilijua kwamba njia ya kurudi ilipita juu ya msingi ule.

Nilimsimulia habari hii rafiki yangu wa Bukavu, mama mmoja aliyekuwa akisuka nywele katika chumba cha mbele cha nyumba yake karibu na kwetu, na ambaye alikuwa ameshaona mengi kuliko Euripides. Alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na majoka na gari la Jua, vidole vyake havikupunguza mwendo hata kidogo, kisha akasema: "Ule mama hana kwabo, njo maana." Sijasoma maelezo ya mtaalamu yeyote yaliyofupisha vizuri kuliko hayo. Hata hivyo sikukubaliana naye moja kwa moja, wala leo sikubaliani, kwa sababu kukosa kwao kunaeleza kwa nini Medea alikata tamaa, lakini hakuelezi jambia. Watu wengi hawana kwao na wanawe wanakwenda shule.

Jambia nililielewa kwa njia nyingine, na hapa ndipo inaponibidi kusimulia jambo ambalo ningependa kuliruka.

Ilikuwa mwezi wa Januari, jioni, kituo cha basi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepokea barua kutoka ofisi moja ya serikali ikinijulisha kwamba msaada wa kodi ya nyumba umesimamishwa kwa sababu ya karatasi moja inayokosekana, karatasi ambayo ilitakiwa isainiwe na baba wa watoto. Mwanangu wa kiume aliuponyoka mkono wangu akakimbilia ukingo wa barabara kufuata kitu fulani, karatasi ya pipi nadhani. Nilimrukia, nikamshika mkono wa juu, nikamvuta mpaka kifuani kwangu. Hadi hapo nilikuwa mama anayeokoa mtoto, na kila aliyekuwa kituoni aliniona hivyo. Lakini basi likapita, hatari ikapita, na mkono wangu haukumwachia. Niliendelea kumbana. Nilikuwa natazama nyuma ya bega langu, upande wa barabara, sioni kitu, namfikiria mtu ambaye hakuwepo, namwambia kimoyomoyo: tazama, tazama unayonifanyia. Mtoto akasema, "Mama, unaniumiza." Alisema kwa Kifaransa, lugha anayoitumia na mimi anapotaka tusiwe na mazoea.

Nilipomvua koti usiku ule, alama nne za vidole zilikuwa kwenye ngozi yake, na ya tano upande wa pili.

Kulikuwa na jingine, la muda mrefu zaidi na la kimyakimya zaidi. Baba yao alikuwa akipiga simu kila Jumamosi saa kumi jioni, na kwa miezi miwili nilikuwa nimeizima simu saa hizo. Watoto nikawaambia baba hakupiga. Binti yangu alizoea. Mdogo wake alikuwa akikaa karibu na meza ya simu akijifanya anacheza na vigari. Mimi nilikuwa jikoni, namsikia anavyosubiri, na nasema kweli kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi, kwa sababu nilijua mahali fulani katika mji wa jirani mtu mzima naye anasubiri.

Karibu na mwisho wa tanzia ile Jasoni anafika mlangoni, amechelewa, na Medea yuko juu katika gari na maiti za wanawe, hataki hata kumpa azike. Anamwuliza kwa nini amewaua. Jibu la Medea, nililolisoma saa sita za usiku kidole kikiwa juu ya mstari, ni fupi sana: ili nikuumize wewe.

Nilikifunga kitabu. Jumamosi iliyofuata simu ilikuwa imewashwa, nayo ikaita saa kumi na dakika tatu. Mwanangu alizungumza na baba yake dakika arobaini kuhusu mpira na jino lililong'oka. Sikuzungumza naye mimi, na kwa kweli mpaka leo hatuna mengi ya kuzungumza. Kaka yangu nilimpigia wiki kadhaa baadaye, mara ya kwanza kwa miaka sita. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno mazito. Alisema, "Watoto hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akasema saruji imepanda bei sana. Tukazungumza saruji.

Baada ya hapo ndipo niliporudi kuitazama picha, na nikaiona kama picha, yaani kitu kilichotengenezwa na mtu aliyefanya uamuzi. Delacroix aliandika katika shajara yake mwaka 1824 kwamba Medea anamshughulisha; picha aliionyesha katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1838. Miaka kumi na minne alikaa na mwanamke huyu kichwani, mwanamume ambaye hakuoa wala hakulea mtoto, aliyefiwa na baba akiwa na miaka saba na mama akiwa na miaka kumi na sita. Sitaki kudai kwamba yatima alichora hivyo kwa sababu ya uyatima; ni njia nyepesi mno ya kusoma picha. Ila kila nikimtazama yule mtoto mwenye machozi naona kwamba aliyemchora alijua jinsi mtoto anavyomtazama mtu mzima anayeweza kutoweka.

Wataalamu humweka Delacroix mbele kabisa katika wachoraji wa ulimbwende, mkondo wa sanaa ya Ulaya uliothamini hisia kali, dhoruba, nchi za mbali na watu waliofika ukingoni. Walimbwende walipenda damu, na yeye hakuwa mwoga wa kuichora. Picha yake ya kifo cha Sardanapali, mfalme wa Ashuru katika ngano, ya mwaka 1827, ni mauaji kitanda kizima. Kwa Medea alijizuia. Hakuna tone la damu. Hakuna majoka wala gari la Jua, wala Jasoni hayupo. Alichagua dakika moja kabla, na ndani ya dakika hiyo akaficha kitu kimoja ambacho sikukiona mpaka ziara yangu ya saba au ya nane: kivuli cha pango kimeshuka kwenye paji la uso wa Medea na kufunika macho yake, kama mtandio uliotelemka, huku mwanga ukiangukia shingo, kifua na bega. Mwili unaonekana wote, macho hayaonekani vizuri. Huwezi kumsoma. Ukitaka kujua anachokusudia, inabidi uangalie mikono yake, na mikono yake inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kilichonipa amani kuhusu kosa langu la darasani nilikikuta Paris. Shule ya binti yangu ilifanya ziara ya jumba la makumbusho la Louvre, nami nikawa mmoja wa wazazi wasindikizaji, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kuhesabu vichwa. Katika ule ukumbi mrefu wa picha za Kiitalia nilimwona mwanamke aliyeketi, imara kama mlima, mtoto mmoja ananyonya kifuani kwake, wa pili anamwegemea, wa tatu amelala miguuni. Ni picha ya Andrea del Sarto ya mwaka 1518, iliyochorwa kwa ajili ya mfalme wa Ufaransa, Fransisi wa Kwanza, na jina lake ni Hisani: ule wema wa kuwapa wengine bila kuhesabu, umechorwa kama mama. Nilimtambua kabla sijajua kwamba waandishi wa sanaa wamekwisha kuzilinganisha hizi mbili. Ni kifua kile kile, ni watoto wale wale waliojazana kwenye mwili mmoja kama matunda kwenye tawi. Delacroix alichukua umbo ambalo kila mtazamaji wa Ulaya alilifahamu kuwa la mama mwema kuliko wote, akalisimamisha wima, akaliingiza pangoni, akalitia jambia.

Kwa hiyo niliyoyaona siku ile ya mihogo yalikuwemo. Mchoraji aliyaweka makusudi. Alitaka tuanze kwa kumwamini mama, na mimi nilimwamini zaidi ya wengi kwa sababu sikuwa na elimu ya kunizuia. Pengine wanaoingia pale wakijua tangu mlangoni kwamba Medea ni muuaji hawaioni nusu ya picha. Wanaona jambia kwanza, kisha wanawaona watoto, na mbano ule kwao ni mbano wa mnyama mkali tu. Mimi nilianzia kwenye mbano wa ulinzi, nikaubeba nyumbani, nikaujua mkononi mwangu mwenyewe kituo cha basi, na niliporudi sikuweza tena kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mmoja unaishia na mwingine unaanzia. Wala nadhani Delacroix mwenyewe asingeweza. Jumba la Lille linamiliki pia mchoro wake mdogo wa rangi za mafuta wa maandalizi, ambamo umbo bado halijatulia, na kwa macho yangu huko ndiko mtu anapoona vizuri zaidi jinsi alivyotafuta namna ya kuwafunga wale watatu katika fundo moja lisilofunguka.

Kuhusu kifua wazi, bado sijamsamehe. Euripides alimpa Medea maneno mengi mpaka wanawake wa Korintho wakamwonea huruma. Delacroix alimnyamazisha na kumvua nguo. Najua desturi za wachoraji wa wakati ule, na najua kwamba bila kifua hicho ule mfano wa Hisani usingekamilika. Najua hayo yote na bado sijamsamehe.

Mara ya mwisho tulikwenda mwaka 2023, Jumapili ya kwanza ya mwezi, kutoka soko lile lile. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tano, amenipita kimo, na hadithi nilikuwa nimekwisha kumsimulia yote, pamoja na uongo niliomwambia akiwa na miaka saba, na pamoja na simu za Jumamosi. Alikuwa amenyamaza siku mbili baada ya hilo la simu. Mdogo wake alikwenda zake chumba cha chini, ambako kuna vielelezo vikubwa vya miji ya kale yenye ngome, kwa maana yeye sanaa yake ni ile inayoweza kupimwa kwa rula.

Tulisimama sisi wawili. Alitazama kwa muda mrefu, akasogea karibu mpaka mlinzi akakohoa, akarudi nyuma.

"Ameacha kila kitu," akasema. "Kwao, mume, nyumba. Anakimbia na kila kitu kimeharibika. Kwa nini hajalivua hilo taji?"

Sikuwahi kulifikiria swali hilo katika miaka yote ile. Nikamwambia labda kwa sababu mikono yake imejaa.

Akacheka kidogo, akanipokea kapu, maana siku ile mlinzi hakutuambia tuliache chini, na mihogo ilikuwa mizito.